Chole, Nikisubiri Maji Yajae

Wageni wengi wanaokwenda Mafia kati ya Oktoba na Machi wanafuata papa potwe kule Kilindoni. Mimi sikuwa na hamu ya kuogelea na samaki wa ukubwa wa daladala. Nilitaka mahali pasipo na honi, basi jamaa mmoja niliyefanya naye kazi Dar akanielekeza Chole, kisiwa kidogo jirani na Mafia.

Safari yenyewe naiacha: basi hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni, bodaboda hadi Utende, na jua la kutosha kila hatua. Utende nikapanda mashua pamoja na akina mama waliobeba unga na madumu ya mafuta ya kula, na muda si muda tukashuka Chole. Gari hakuna. Njia ni za miguu tu, na baiskeli mojamoja. Karibu na pwani kuna magofu, maana Chole ndiyo ilikuwa makao ya serikali ya Mafia hadi 1913, Wajerumani walipohamia Kilindoni. Mizizi imeziba madirisha, na sasa kuta zimesimama kwa hisani ya miti ileile inayozibomoa.

Nilipanga kuvuka siku hiyohiyo kwenda kisiwa cha Juani nikaone Kua, mji wa kale. Kijana wa boti wala hakuangalia saa. "Kaka, maji yamekupwa. Mpaka yajae."

Nikaenda kukaa kwa mafundi wa mashua. Mzee mmoja alikuwa anakalafati. Anasokota pamba viganjani, anaipaka mafuta, anailaza kwenye upenyo kati ya mbao mbili, kisha anaigongelea kwa patasi butu, taratibu, mpaka inazama. Halafu anapitisha kidole gumba juu yake, na asiporidhika anairudia. Mwenzake alikuwa na keke: anavuta upinde mbele na nyuma, chuma kinazunguka, unga wa mbao unamwagikia miguuni. Ukimtoa jogoo, nyundo ya mzee ndiyo iliyokuwa kelele kubwa kuliko zote kisiwani asubuhi ile.

"Shikamoo mzee. Hii itakwisha lini?"

"Marahaba. Mwenyewe akipata hela ya mbao." Akagonga mara mbili tatu. "Mwaka jana alipata mara moja."

Kua niliiona alasiri: misikiti, makaburi, mabaki ya jumba la ghorofa, vyote ndani ya kichaka. Mji ule ulivamiwa na Wasakalava wa Madagaska mwanzoni mwa karne ya 19, haukuinuka tena. Ningekaa zaidi, lakini mwenye boti alishaanza kuniita.

Magharibi ilipoingia, popo wakubwa wa Chole, wale wala matunda wanaoshinda wakining'inia mitini, wakaanza kuruka kuelekea Mafia. Baadhi walishuka hadi usawa wa bahari, wakagusisha tumbo majini, wakainuka. Mimi mdomo wazi, simu mkononi.

Mama aliyekuwa akinipikia pweza wa nazi, aliyechokolewa mwambani asubuhi ile, hakuinua hata uso.

"Hao mnawasifia nyinyi mnaokuja na kuondoka," akasema, huku akikuna nazi. "Hebu niambie baba, maembe yangu ya mwaka huu nimeyala mimi au wameyala wao?"

Nikautazama mwembe wake. Nikarudisha simu mfukoni, nikamwomba anipe mbuzi nimsaidie kukuna.