Mtu wa Ndoo

Mwaka 2001, katika maabara ya Rotterdam, Uholanzi, tulikopima jinsi ukuta wa mshipa wa damu unavyonyumbuka, kazi yangu ilikuwa ndoo. Wenzangu walikuwa na majukumu ya kujivunia: mmoja alishika katheta, mrija mwembamba unaoingizwa ndani ya mshipa, mwingine alikaa kwenye kompyuta, na daktari mmoja kutoka Mombasa, aliyekuwa akisomea patholojia, elimu ya kuchunguza magonjwa kwenye tishu, ndiye aliyekuwa na kisu. Mimi nilikuwa na ndoo mbili za maji ya chumvi zilizoning'inia kwenye mlingoti, moja sentimita 109 juu ya meza, ya pili sentimita 136. Maji yaliyosimama kwa urefu huo husukuma kwa milimita 80 na 100 za zebaki, shinikizo ambalo mishipa ya mtu mzima imelizoea.

Juu ya meza, ndani ya beseni, palikuwa na kipande cha ateri ya paja kutoka kwa marehemu ambaye hatukujua jina lake. Kilifungwa kwenye mirija ncha zote mbili, na katheta ikapitishwa katikati. Kwenye ncha ya katheta kulikuwa na kipande kidogo kinachozunguka, kikitoa mawimbi ya altrasaundi ya megahezi 30.

Picha ya kawaida ya altrasaundi ndani ya mshipa hukuonyesha unene wa plaki, yale mafuta na makovu yanayojijenga ukutani. Lakini unene peke yake haumwambii daktari nani yuko hatarini. Plaki zinazoua watu ghafla mara nyingi ni teketeke: ndani mna dimbwi la mafuta, juu yake kifuniko ambacho huenda hakifiki hata mikromita 65, na seli za kinga zinazidi kukidhoofisha. Ni kama utando wa maziwa yaliyochemka. Ukiugusa tu, unavutika. Kifuniko kikichanika, damu inaganda palepale, na kama ni ateri ya moyo, mtu anaanguka.

Mtafiti Jonathan Ophir na wenzake kule Houston, Marekani, walikuwa wameonyesha mwaka 1991 kwamba ukipiga picha ya tishu, ukaibonyeza, kisha ukapiga nyingine, kompyuta inaweza kulinganisha mwangwi na kukuambia wapi pamebonyea na wapi pamekaidi. Ndani ya ateri huwezi kuingiza kidole. Ila kwa mtu aliye hai moyo wenyewe unabonyeza, kila pigo. Sisi hatukuwa na moyo, tulikuwa na ndoo.

Nilifungua koki ya ndoo ya chini, tukasubiri maji yatulie, picha ikapigwa. Nikafunga, nikafungua ya juu. Picha ya pili. Kwa maneno ni rahisi. Lakini tulikuwa tukichunguza ngozi ya ndani ya ukuta, chini ya nusu milimita, na mnyumbuko wa asilimia moja hapo ni mikromita nne au tano tu, pungufu ya upana wa chembe nyekundu ya damu. Mtu akibamiza mlango, kipimo kimekwisha.

"Kaka, mwambie huyo wa mlangoni asubiri," daktari alinong'ona bila kugeuka.

"Ameshasubiri, daktari. Ni wewe unayetingisha meza."

Akaondoa kiwiko.

Kompyuta ilipolinganisha zile picha mbili na kutoa picha ya rangi, bluu kwa palipokaidi na njano kwa palipobonyea, sote tulisogea. Upande wa kulia kulikuwa na uvimbe mkubwa ambao kwenye picha ya kawaida ulitisha. Kwenye rangi ulikuwa bluu mfululizo, haukunyumbuka hata kidogo. Ilikuwa chokaa, na kivuli nyuma yake kilithibitisha. Kushoto, mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu angepatazama mara mbili, njano iliwaka. Na chini kabisa, njano nyingine, angavu kuliko ya kwanza.

Watu hupenda kusema tulikuwa tukipima ugumu. Kwa haki, tulipima mnyumbuko. Ili upate ugumu lazima ujue nguvu iliyofika pale, nayo hupungua kadiri unavyoingia ndani ya ukuta. Lakini rangi haina subira na maelezo hayo. Ukiona njano, macho yako yameshahukumu, na siku ile chumba kizima kilihukumu.

Daktari alitia uzi wa kushonea upande mmoja ili asipoteze mwelekeo, akaichukua ateri. Kuiondoa chokaa, kuikata vipande vyembamba na kuitia rangi zinazoonyesha kolajeni (nyuzi za protini), mafuta na seli za kinga ni kazi isiyoharakishwa. Alipotuita kwenye hadubini, kushoto palikuwa kama tulivyotarajia: mafuta, seli za kinga zimejazana, kifuniko chembamba. Chini hapakuwa na kitu. Misuli na kolajeni, ukuta wa kawaida.

Mwenye kompyuta alidai kipande kimekatwa mahali pasipo. Daktari alimwonyesha alama ya uzi, akamwuliza kama anataka aishone upya. Na hapo ndipo palipouma: kurudia kipimo hakukuwezekana, ateri ilikuwa imeshakuwa vipande juu ya vioo.

Mwenye katheta ndiye aliyekumbuka kwamba siku ile ilikuwa imelala upande, karibu inagusa ukuta wa chini. Basi tukapika mshipa wa bandia wa agari na jelatini, tukachanganya unga laini wa silikoni kabaidi ili mawimbi yapate cha kugonga, ugumu uleule pande zote. Katheta ikiwa katikati, rangi ilikuwa sawa mduara mzima. Tukaipindisha katheta kwa makusudi, nikabadilisha ndoo, na njano ikajitokeza kwenye jeli tupu.

Baada ya hapo daktari alikataa kupokea ateri yoyote ambayo haijapimwa mara mbili, katheta ikiwa imesogezwa kati ya kipimo na kipimo. Mikono yangu kwenye zile koki ilipata kazi maradufu. Yeye akaanza kuja na gazeti.