Vermont: Lori Lipo, Dereva Hayupo

Treni ya Vermonter iliondoka New York saa tano na nusu asubuhi ikiwa imejaa. Springfield walishuka wengi, Northampton wakashuka wanafunzi, na jioni tulipoingia Brattleboro, mji wa kwanza wa Vermont, jimbo la kaskazini mashariki mwa Marekani, behewa letu lilikuwa limebaki na watu tisa. Giza likatukuta njiani. Kwa zaidi ya saa mbili nikawa naona dirishani taa ya nyumba moja, kisha msitu mweusi, kisha taa nyingine moja.

Mdogo wangu na mumewe walinipokea Essex Junction. Shemeji ni Mkongo wa Fizi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwetu Kigoma, na ndiko walikojuana. Yeye alitangulia kuja Marekani, mdogo wangu akamfuata miaka mitatu iliyopita. Wanakaa Winooski, mji mdogo ulioshikana na Burlington, jiji kubwa kuliko yote jimboni, wenye watu wasiotimia 8,000, na ukipita mitaani jioni unasikia Kiswahili, Kinepali na Kisomali kabla ya kusikia Kiingereza. Garini shemeji aliniambia, "Shemeji, huku utaona mwenyewe. Wazee iko wengi, vijana kidogo sana."

Sensa ya 2020 ilihesabu watu 643,077 katika Vermont nzima. Kati ya majimbo ya Marekani, ni Wyoming pekee yenye watu wachache zaidi. Mkoa wetu wa Kigoma ulihesabu 2,470,967 mwaka 2022, karibu mara nne. Kwetu nusu ya watu hawajafika miaka ishirini. Vermont nusu wamevuka arobaini, na kwa miaka kadhaa sasa wanaozikwa wamekuwa wengi kuliko wanaozaliwa. Karibu tisa kati ya kumi ni Wazungu. Shule zilizokuwa na wanafunzi zaidi ya 100,000 mwishoni mwa miaka ya 1990 zimebaki na chini ya 90,000.

Asubuhi ilikuwa Jumanne, tarehe 5 Machi 2024. Jumanne ya kwanza ya Machi ni siku ya mikutano ya miji huko Vermont, wakazi wanapoamua bajeti na mambo mengine ya mji wao, desturi ya tangu enzi za ukoloni. Mdogo wangu alianza kwa kupiga kura Winooski. Si raia bado, lakini tangu 2021 mji huo unawaruhusu wakazi halali wasio raia kuamua mambo ya mji. Alitoka kituoni akitembea taratibu, ana ujauzito wa miezi saba, na sura yake ilikuwa ya mtu aliyetambuliwa. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Kisha tukaenda kazini kwake. Anamhudumia bibi wa miaka themanini na minne katika mji wa milimani, mwendo wa dakika hamsini, na siku ile bibi alitaka kupelekwa mkutanoni. Njiani theluji ilikuwa imeanza kuyeyuka na barabara za udongo zimekuwa tope la kuzamisha gurudumu. Msituni, katikati ya miti minene, niliona kuta za mawe yaliyopangwa kwa mkono, zinapanda kilima na kushuka. Mtu hajengi ukuta msituni. Pale palikuwa malisho. Mwaka 1840 Vermont ilikuwa na kondoo zaidi ya milioni 1.6, karibu sita kwa kila mtu. Bei ya sufu ikaanguka, ardhi ya magharibi ikawaita vijana, miti ikarudi kwenye mashamba yao. Kati ya 1850 na 1930 watu wa Marekani waliongezeka zaidi ya mara tano. Vermont ilitoka 314,120 ikafika 359,611 tu.

Tulipita pia nyumba nzuri zilizofungwa, mapazia yameshushwa, theluji mlangoni haina alama ya mguu. "Za watu wa Boston na New York," mdogo wangu alisema. "Wanakuja kuteleza kwenye theluji, wanakuja na kiangazi." Jimboni humo karibu nyumba moja kati ya sita ni ya msimu. Nilizihesabu hadi kumi na moja nikaacha.

Mkutano ulikuwa ukumbi wa michezo wa shule. Mlangoni tukaelekezwa benchi la pembeni, la wasio wapiga kura wa mji ule, na bibi akaenda mbele kwenye kiti chake. Kutoka nyuma niliona vichwa vyeupe safu kwa safu. Kila mtu alikuwa na kijitabu cha taarifa ya mwaka. Mdogo wangu alinifungulia ukurasa wa mwisho: orodha ya vizazi ilikuwa mistari michache, ya vifo ilishuka hadi chini ya karatasi. Mume wa bibi alikuwamo.

Walibishana saa nzima kuhusu kodi ya majengo, maana ndiyo inayobeba shule. Siku ile karibu theluthi ya bajeti za shule jimboni zilikataliwa na wapiga kura, na sikuwalaumu. Takwimu za 2022 zilisema kaya ya kati Vermont, yaani ile ambayo nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini, ilipata kama dola 74,000 kwa mwaka, karibu sawa na Marekani kwa ujumla. Lakini kaunti ya Chittenden, yenye Burlington, ilikaribia 90,000, na kaunti ya Essex, kona ya kaskazini mashariki, ilikuwa 55,000 hivi. Mzee mwenye nyumba kubwa na pensheni ndogo hali takwimu.

Likaja suala la lori jipya la kusukuma theluji. Bibi alisimama, akashika kiti cha mbele, akasema barabara yake ilikaa siku mbili haijafunguliwa. Wanaokubali waseme ndiyo! Ukumbi ukaitika. Hapo akainuka msimamizi wa barabara, kofia mkononi. "Asanteni kwa lori," alisema. "Nafasi ya dereva nimeitangaza mwaka wa pili huu. Hakuna aliyeomba."

Hakuna aliyecheka. Pesa wamepata, mtu hawana. Na mimi nilikuwa nimekaa na mtoto wa Kigoma ambaye ndiye anayempikia uji mmoja wao, anamfunga viatu, anamshika mkono bafuni.

Usiku nilimsimulia shemeji. Yeye ana leseni ya malori makubwa, anasambaza mizigo usiku. Aliweka kijiko chini.

"Wanalipa ngapi?"

Nikamtajia. Ilizidi anachopata.

"Mimi naweza kuenda kesho," alisema. "Nyumba ya kupanga huko iko?"

Mdogo wangu alinitazama. Nilikuwa bado naziona zile kumi na moja, na mapazia yake.