Kidole Juu ya Pua

Mwanangu wa kwanza alikuwa hajatimiza saa 20 tangu azaliwe. Nesi alimsogeza dirishani, akambonyeza pua kwa kidole, akaachia. Damu ilipokimbia pale, ngozi iliyobaki ilikuwa njano. Akabonyeza kifuani. Njano vilevile.

"Mama, kundi lako la damu?"

"O chanya." Nilijibu kwa kujiamini. Kliniki niliambiwa wa kuhangaika ni wenye Rh hasi, yaani wenye "hasi" kwenye kundi lao, wale wanaochomwa anti-D, sindano ya kuzuia mwili wa mama kutengeneza kingamwili dhidi ya damu ya mtoto, wiki ya 28, na tena ndani ya saa 72 baada ya kujifungua endapo mtoto ni chanya. Mimi nikajiona nimeshavuka.

"Na baba yake?"

"B."

Hakuongeza neno. Akamtoboa kisigino, mtoto akalia, nami nikalia naye.

Jioni daktari alinichorea nyuma ya karatasi ya majibu. Sisi wa O tuna kingamwili dhidi ya A na B tangu utotoni, hata kama hatujawahi kuongezewa damu. Nyingine ni IgM, limolekuli likubwa lisilopenya kondo la nyuma. Kwa mama wa kundi A au B, nyingi huwa za aina hiyo. Lakini wenye O tuna pia IgG, na hizo kondo huzipitisha lenyewe, maana ndizo zinazomkinga mtoto na maradhi. Wangu alikuwa B. Zile za kuvunja seli zake nyekundu zilipita mlango uleule. Ndiyo maana hata kifungua mimba hasalimiki, tofauti na Rh, ambayo kwa kawaida huwasumbua wanaofuata. Kipimo cha Coombs, kinachoonyesha kama kingamwili zimeshika seli nyekundu za mtoto, kilikuwa chanya, kwa mbali.

Nilielewa kila neno, na bado nilijiona nimemdhuru.

Mama mkwe alitaka mjukuu aanikwe juani. "Jua halitoshi, mama, na litamuunguza," nesi alimjibu kwa upole. Mtoto akalazwa chini ya taa za bluu za kupunguza njano, na nepi tu, macho yamefunikwa kitambaa alichokivuta kila nilipokirudisha. Kumtoa ni kunyonya tu. Nilikuwa nahesabu nepi zilizolowa kama mtu anayehesabu akiba.

Siku ya tatu bilirubini, ile rangi ya njano inayotokana na seli nyekundu zilizovunjika, ilishuka. Habari ya kubadilisha damu haikutajwa tena. Taa zikazimwa, nikamvua kitambaa. Mwili wote ulikuwa umepauka, isipokuwa ukanda mmoja machoni, bado wa njano, kama mtu aliyevaa miwani.