Wala hukuniambia

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Juma hili tusome Mwanzo 21:25-31, polepole. Ibrahimu anamlalamikia Abimeleki kwa sababu watumishi wake wamemnyang'anya kisima. Abimeleki anajibu kwamba hakujua, wala Ibrahimu hakumwambia, ndiyo kwanza anasikia leo. Huenda alikuwa anajitetea tu (wakubwa hawakuanza jana), lakini hilo "hukuniambia" limenikaa moyoni.

Ukiufungua Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1997 kuhusu mito na maziwa yanayovuka mipaka, unakuta ndani yake kilio hichohicho. Unaagiza kila nchi itumie maji kwa haki na kiasi, isimdhuru jirani, na matumizi yakigongana mahitaji ya lazima ya binadamu yapewe uzito wa pekee. Kisha vifungu tisa mfululizo, cha 11 hadi cha 19, vinahusu kuambiana. Nchi ya juu ikitaka kujenga bwawa linaloweza kumuumiza vibaya aliye chini, impe taarifa mapema pamoja na takwimu, imsubiri miezi sita ajibu, na katika muda huo isianze kazi bila ridhaa yake. Miezi sita! Sisi huwa tunashindwa kusubiri siku sita kabla ya kumkasirikia ndugu.

Sheria hainyeshi mvua. Tena hii ni dhaifu: ilingoja hadi tarehe 17 Agosti 2014 ndipo ianze kufanya kazi, na mataifa mengi bado hayajajiunga. Lakini hata kiapo walichoapiana Ibrahimu na Abimeleki pale Beer-sheba, chenye wanakondoo saba wa ushahidi, hakikudumu. Ibrahimu alipokufa, Wafilisti, watu wa Abimeleki, walivijaza visima vyake udongo. Hebu fikiri, kufukia maji katika nchi kavu ili tu mwingine asinywe.

Isaka akavifukua. Akachimba kingine, wakakigombania. Akachimba cha pili, ugomvi tena. Cha tatu wakamwachia. Baadaye Abimeleki anamfuata, naye Isaka hafichi uchungu: mbona mnanijia, nanyi mlinichukia na kunifukuza? Wameambiana sasa. Anawaandalia karamu, wanakula na kunywa, na asubuhi na mapema wanaapiana upya.

Siku hiyohiyo watumishi wa Isaka wakaja na habari za kisima walichokuwa wakichimba: wameona maji.