Rudisha Mkanda

Wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani mbalamwezi ikiwa kali. Dagaa hufuata mwanga wa karabai, na mwezi ukishajaa mwanga huo hauna nguvu, kwa hiyo wanaume wa Kirumba Mwaloni, hapa Mwanza, hubaki nchi kavu siku kadhaa. Mchana wanashona nyavu, usiku wanatafuta pa kupitishia muda. Mama mwenye kibanda chetu cha video aliijua kalenda hiyo kuliko ile ya ukutani, na mikanda mizito aliiwekea mbalamwezi. Ndiyo maana sina shaka na majira ya usiku ninaousimulia. Ilikuwa mwanzoni mwa Novemba 2001, mwezi umejaa, banda limejaa, na kwenye ubao wa nje mama ameandika kwa chaki: RAMBO 3 AFGHANISTAN. Neno hilo la mwisho halikuwahi kuwapo ubaoni. Miaka yote iliandikwa Rambo 3 tu, na watu waliingia.

Mkanda wenyewe, filamu ya Kimarekani ya vita, niliujua tangu nikiwa na miaka tisa. Mwaka 1993 kaka yangu alinishika mkono akanipitisha kwenye turubai jeusi la mlangoni, tukakaa benchi la mbele kabisa. Mtafsiri alikuwa pembeni ya televisheni, maiki mkononi, taulo dogo shingoni. Ujuzi huo aliupata Kampala, ambako watafsiri wa vibandani walianza mapema kuliko kwetu. Alikuwa na sauti nzito ya steringi, sauti nyembamba ya yule mtoto wa Kiafghani, na sauti ya puani ya maadui. Waafghani wenyewe aliwaita wapigania uhuru. Hakuna aliyehitaji maelezo zaidi. Wale waliokaa mabenchi ya nyuma walikuwa watu wazima waliokua na habari za Msumbiji, Zimbabwe na Namibia masikioni. Mtu aliyepanda farasi, bunduki kuukuu mkononi, anapambana na helikopta juu ya ardhi ya baba yake, walimjua huyo ni nani. Mwishoni wapanda farasi wanapotokea kuja kumwokoa Rambo na Kanali Trautman, mkuu wake wa zamani jeshini, banda zima lilisimama. Mimi nilisimama juu ya benchi, na kaka hakunikemea.

Adui alikuwa Mrusi, na Mwanza Warusi tulikuwa nao. Ndege kubwa za Ilyushin zilikuja uwanja wetu kuchukua minofu ya sangara kupeleka Ulaya, na warushaji wake walikuwa watu wa Urusi na Ukraine. Sisi wote tuliwaita Warusi. Siku moja baada ya kuangalia ule mkanda, mimi na wenzangu wawili tulimwona mmoja wao karibu na soko la Kirumba, mtu mnene wa kaptula, mfuko wa mananasi mkononi. Tulijificha nyuma ya mapipa tukamlenga kwa vidole na kupiga risasi kwa midomo. Aligeuka, akatuona. Aliweka kwanza mfuko wake chini, akauegemeza vizuri ukutani ili mananasi yasibingirike, kisha akashika kifua, akayumba, akaanguka magoti pale pale kwenye vumbi. Tulikimbia. Tulipogeuka kwenye kona alikuwa amesimama anajipangusa, anatupungia mkono. Machi 2005, Ilyushin moja ilipoanguka ziwani muda mfupi baada ya kuruka Mwanza na wafanyakazi wake wote wanane wakafa, nilikwenda kusimama ufukweni saa nzima. Nilikuwa namwaza yule mtu na mananasi yake.

Basi ikafika 2001. Septemba 11 tuliiona kwenye televisheni ya duka moja barabara ya Makongoro, watu wamejazana mpaka barabarani. Oktoba 7 Marekani ikaanza kuipiga Afghanistan. Oktoba 18 mahakama ya New York ikawafunga maisha watu wanne kwa mabomu ya balozi za Marekani ya Agosti 7, 1998, yaliyoua watu 11 Dar es Salaam na zaidi ya 200 Nairobi, na mmoja wa hao wanne alikuwa Mtanzania. Kila jioni wanaume walikaa na redio, mara BBC, mara Sauti ya Ujerumani, na majina ya Kandahar na Jalalabad yakawa yanatamkwa Mwaloni kama majina ya visiwa vya jirani. Nilikuwa kidato cha tatu. Nitasema ukweli, kwa sababu bila ukweli huo hadithi hii haina maana: jioni ile niliingia kibandani nikitaka kuwaona wale wapanda farasi kwa jicho jingine. Nilitaka kuwachukia. Niliona nilichelewa kuwajua ni akina nani, na kwamba nikiwa mtoto nilidanganywa.

Mtafsiri alikuwa yule yule, mvi zimeanza. Alianza vizuri, Rambo yuko Thailand anasaidia watawa kujenga hekalu lao, Kanali Trautman anakuja kumwomba, Rambo anakataa. Lakini Afghanistan ilipoingia, nikasikia neno. "Magaidi," akasema. Wale wazee wenye vilemba waliokaa kwenye mkeka na Rambo, magaidi. Wale wanaocheza mchezo wa farasi wakigombania mzoga, magaidi wakifanya mazoezi. Helikopta zinapokuja kuwapiga katikati ya mchezo, watu wengine kibandani walipiga makofi. Walizipigia makofi helikopta za adui! Picha ilikuwa ile ile, hata ule mstari mweupe wa mkwaruzo uliopita katikati ya kioo sehemu hiyo ulikuwa ule ule tangu 1993, ila makofi yalikuwa yamehama upande.

Sasa kuna mahali Trautman ameshakamatwa na kanali wa Kirusi anamhoji. Trautman anajibu kwa hasira, maneno mengi, haraka haraka. Mtafsiri akasema, "Nitaleta jeshi, tutawamaliza magaidi wote mliowaficha!" Mimi nyuma ya sauti ya maiki nilikuwa nimesikia neno moja la Kiingereza: Vietnam. Nikasema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia, "Hasemi hivyo."

Mtafsiri akanyamaza. Mtu mmoja akaniambia nikae. Hapo mzee mmoja tuliyemwita Sajini, mtu aliyetembea kwa miguu kutoka Kagera mpaka Kampala katika vita vya Amini, akauliza bila kugeuka, "Kijana, wewe umesikia nini?"

"Shikamoo mzee. Sijasikia yote."

"Marahaba. Mama, rudisha mkanda."

Mama akarudisha. Deki ilikuwa nzee, ukirudisha picha inatetemeka, watu wanatembea kinyumenyume, bunduki zinanyonya moto. Nikasogea hadi kwenye spika, nikainamisha sikio. Mara ya kwanza nilipata nusu. Mara ya pili wavuvi walianza kulalamika. Mara ya tatu nilisimama, mtafsiri mwenyewe akaninyooshea maiki, na mkono wake ulikuwa umelowa jasho. Nikasema nilichosikia. Nikasema Mmarekani anamwambia Mrusi kwamba hawa watu hawajawahi kumpigia magoti mtu yeyote, kwamba wako tayari kufa kuliko kuwa watumwa wa jeshi la wavamizi, kwamba watu wa namna hiyo hawashindiki. Sisi tulishapata Vietnam yetu, na ninyi sasa mnapata ya kwenu.

Kibanda kilikaa kimya. Nje tulisikia mtu anapita na baiskeli. Ilikuwa Novemba 2001, mabomu ya Marekani yanashuka kwenye milima ile ile, na anayesema maneno hayo kwenye kioo ni kanali wa Marekani.

Aliyevunja ukimya ni kijana mmoja muuza mitumba. Alisema, "Na wale wa Dar es Salaam? Mimi nilikuwa Dar siku ile. Mimi niliona." Sauti yake ilikatika. Sikuwa na jibu la kumpa, na hata leo sina la kumpa mtu aliyeona. Pembeni yake alikaa mvuvi mwenye kofia ya kufuma, naye akamshika bega, akasema polepole, "Ndugu yangu, waliofanya vile siwatetei. Ila hao watoto wanaopigwa leo nao hawakuja Dar." Wakatazamana. Nilihofia watapigana. Hawakupigana, ila hawakuongea tena usiku ule.

Sajini ndiye aliyesimama. Alisema mambo ambayo shuleni hatukufundishwa. Kwamba Mrusi alipoingia Afghanistan Desemba 1979, Marekani ilitaka nchi zigomee Michezo ya Olimpiki ya Moscow, na mapema 1980 Rais Carter akamtuma Muhammad Ali mwenyewe aje hapa kutushawishi. Mwalimu hakukubali kuonana naye. Timu yetu ikaenda Moscow, Filbert Bayi akarudi na medali ya fedha, na Suleiman Nyambui, mtoto wa Majita hapa hapa kandoni mwa ziwa, akarudi na nyingine. "Nilikuwa kambini," alisema, "tulicheza ngoma mpaka asubuhi. Hakuna aliyemtaja Mwafghani. Silaha za Mrusi ndizo tulizompigia Amini, tungemsemaje vibaya? Halafu nikaja hapa kibandani nikauona mkanda huu, nikawashangilia Waafghani, nikamzomea Mrusi. Na leo nimekaa, dakika kumi zilizopita, nimepiga makofi helikopta ikiwaua. Mimi! Nimepiga makofi." Alitazama viganja vyake. "Endelea mama. Weka mkanda."

Nimeufikiria sana ule mkanda tangu hapo. Ulitoka Marekani Mei 25, 1988, na Warusi walikuwa wameanza kuondoka Afghanistan Mei 15, siku kumi kabla. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza ulikuwa unapigana vita vinavyofungwa. Milima yake mingi si ya Afghanistan, walipiga picha Israel. Hata helikopta zile si za Kirusi, ni Puma za Kifaransa zilizovalishwa mabawa. Sajini alikuwa akilisema hilo kila mara na hatukumwamini. Ni filamu ya risasi na milipuko, wala sitaki kuipa heshima isiyo yake. Lakini kwetu ndiyo iliyokuwa dirisha pekee la nchi ile kabla ya 2001, na dirisha lilipobaki lile lile ndipo tulipoona kwamba tuliohama ni sisi.

Sehemu iliyobaki mtafsiri aliifanya kwa sauti ya chini. Hakusema magaidi, hakusema chochote kuhusu wao ni akina nani. Alisema tu "huyu anaingia", "huyu anakufa". Wapanda farasi walipokuja mwishoni hakuna aliyesimama wala aliyezomea. Kisha maandishi yakaanza kupanda. Siku zote hapo ndipo mama alipobonyeza kitufe ili kuokoa umeme, na watu wakaanza kugombania mlango. Sajini akasema, "Kuna maandishi pale. Kijana, soma."

Nikasoma, kisha nikatafsiri: filamu hii imetolewa kwa heshima ya watu mashujaa wa Afghanistan.

Naandika hili kwa kusisitiza, kwa sababu tangu Taliban waliporudi Kabul Agosti 2021 nimesikia mara nyingi watu wakiapa kwamba maneno hayo yalibadilishwa, kwamba zamani yaliwataja Mujahidina, wale wapiganaji waliompinga Mrusi, na baada ya Septemba 11 yakafutwa. Mkanda wetu ulikuwa Mwaloni tangu miaka ya tisini mwanzoni. Hakuna aliyekuja Mwanza kuufuta. Yaliandikwa hivyo tangu mwanzo, watu wa Afghanistan, na sisi kwa miaka minane tulizima deki kabla ya kuyafikia.

Nje mtafsiri aliningoja chini ya mwembe. Nilidhani amekasirika, nikaanza kumwomba radhi.

"Hapana, mdogo wangu," alisema. "Kiingereza kile nilikijua. Mwaka ule mlitaka wapigania uhuru, nikawapa. Mwaka huu nilisikia mnavyoongea kwenye redio zenu, nikajua mnataka nini, nikawapa hicho." Aliivua taulo shingoni akaikunja mara mbili, akaishika tu. "Nimewapa hicho," akarudia, na hapo ndipo nilipoona kwamba linamuuma kuliko lilivyotuuma sisi.

Kabul ilianguka Novemba 13, Ramadhani ikaingia. Mbalamwezi iliyofuata, baada ya futari, watu waliuomba mkanda ule tena na mama akauweka. Ubaoni alikuwa amelifuta lile neno la mwisho. Nilikaa nyuma na kaka yangu. Wazee wenye vilemba walipotokea kwenye kioo, wamekaa kwenye mkeka wakimtazama mgeni, mtafsiri alisogeza maiki mdomoni, akasita kidogo, akasema, "Hawa ni wenye nchi."