Sumukuvu haitoki kwa kuchemsha jamani

Kuna hii kauli naisikia sana, eti mahindi yakishika ukungu kidogo we saga tu moto utamaliza kila kitu. Kuvu watakufa kweli, ila sumu waliyoacha ndani ya punje, ndo hiyo sumukuvu, inabaki palepale hata usonge ugali mpaka mkono uchoke, tena haina rangi wala harufu, unga unaweza kuwa mweupe pee na sumu imo.

Kenya mwaka 2004 waliugua watu 317 kwa sumu hii na 125 wakafa, wengi Makueni na Kitui, na walipofuatilia wakakuta walioweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba ndo walioumia zaidi. Njaa ilikuwepo, mtu anaogopa kuibiwa anavuna mapema anayaingiza ndani hayajakauka, nani atamlaumu? Tanzania nayo 2016, Dodoma na Manyara, wakafa 20. Na hao ni waliokula sumu nyingi kwa mpigo, wapo wanaokula kidogo kidogo miaka yote mpaka wanapata saratani ya ini, hasa mwenye homa ya ini B, na hao hata hatuwahesabu.

Unga wa dukani upimwe, sawa, lakini familia nyingi zinakula walicholima wenyewe na hakuna mkaguzi anayefika jikoni kwao, kwa hiyo mi naona kazi kubwa iko kwenye kukausha. Anika kwenye turubai, sio chini, maana kuvu wanaishi kwenye udongo. Halafu chukua chupa kavu ya kioo yenye kifuniko, tia mahindi na chumvi iliyokauka vizuri, tikisa dakika chache, iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye chupa ujue unyevu umezidi asilimia 15, rudisha juani. Ikidondoka yote chini, hapo unaweza kuweka ghalani.

Kabla ya kusaga chambua, toa zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu na zilizobadilika rangi, na kukoboa kunapunguza pia. Hizo ulizotoa usimpe ng'ombe, sumu inakuja kwenye maziwa wanayokunywa watoto.

Ila kwa aliyevuna mvua inanyesha turubai halimsaidii chochote, na hapo ndo ningependa hela za miradi ziende, mashine ya kukaushia inayozunguka kijiji hadi kijiji msimu wa mavuno pamoja na mtu anayejua kuiendesha.