Laptopu ya magunia matano

Juzi mwanangu alinijia na laptopu yake, uso umemshuka. Usaidizi wa kawaida wa Windows 10 uliisha Oktoba 14, 2025, na Windows 11 imeikataa mashine yake kwa sababu prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya zamani. Akaniuliza, "Mama, sasa ndiyo haifai tena?"

Haifai. Neno hilo niliambiwa Kariakoo mwaka 2014 na fundi aliyeishika ThinkPad T42 yangu kwa mkono mmoja, kama anayepima uzito wa boga. "Dada'angu, hii haifai. Iuze spea." Nilikuwa mwaka wa tatu, na ripoti ya utafiti ilibakiza wiki chache. Kuipata laptopu ile, baba aliuza magunia matano ya mahindi. Kila Jumapili akipiga simu lazima aulize, "Mashine inakusaidia, mama?" Nami najibu, "Sana, baba."

Haikuwa ikinisaidia. Windows XP iliyokuwa ndani yake ilikatiwa usaidizi Aprili 8 mwaka ule, na flashi niliyotoka nayo stationari ikiwa na virusi iligeuza mafolda yangu yote kuwa shotikati. Kurasa 30 zikapotea. Fundi akapiga Windows 7, lakini RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa MB 512 wakati Windows 7 inataka angalau GB 1. Unafungua Word, unakwenda kuchota maji, unarudi bado inazunguka.

Rafiki yangu wa chumba kimoja ndiye aliyenitajia Lubuntu 14.04, mfumo wa bure wa Linux unaowekwa badala ya Windows, uliokuwa umetoka siku si nyingi. Nyepesi, akasema, itakaa humo. Tuliipakua kwa bando la usiku kwenye mashine yake, tukaiweka kwenye flashi.

Usiku uliofuata, yeye akiwa amelala, niliketi sakafuni. T42 ina kitaa kidogo kilichojificha kwenye ukingo wa juu wa kioo, kinamulika kibodi. Nilikiwasha, nikabonyeza F12, nikachagua flashi. Kioo kikawa cheusi. Yakatokea maandishi meupe, mistari miwili mitatu tu: prosesa hii haina pae, haiwezi kuwaka. Nilizima, nikawasha. Yaleyale. Mara ya nne nililia kimyakimya, nimeziba mdomo kwa kanga nisimwamshe mwenzangu, maana niliyaona magunia ya baba yamepangwa mlangoni.

Kisha nikachukua simu nikaanza kutafuta. PAE ni uwezo wa prosesa kufikia kumbukumbu zaidi ya GB 4. Mashine yangu isingeuhitaji kamwe, ila mifumo mipya iliulazimisha. Na kumbe prosesa za Pentium M, kama ya mashine yangu, zinao! Hazikuutaja tu kwenye orodha ya sifa zinazojieleza nazo, na mfumo ulikuwa ukisoma orodha. Ukiongeza neno moja, forcepae, mfumo unaendelea bila kujali orodha.

Nikarudi. F6, mstari wa maagizo ukatokea chini ya kioo. Nikaandika forcepae kabla ya vistari viwili vilivyokuwa kwenye mstari huo, nikaandika tena forcepae baada yake, ili hata ikishakaa kwenye diski isisahau. Nilisoma herufi moja moja chini ya kile kitaa, kidole kikiwa juu ya Enter. Nikabonyeza. Diski ikakwaruza, maandishi yakapita mbio, halafu rangi ya bluu ikafunguka kioo kizima. Nilimwamsha mwenzangu. Akatazama, akanikumbatia, akalala tena.

Ripoti niliiandikia humo yote, upya.

Baba alifariki 2019. Sikuwahi kumwambia kwamba mashine yake iliitwa spea, wala kwamba iliwaka. Kwake yeye iliwaka tangu siku ya kwanza. Nilidhani namkinga. Siku hizi najiuliza kama sikumnyima usiku ule, maana nadhani angeupenda kuliko hata cheti.

Ya mwanangu ni ya biti 64 na ina RAM ya GB 4, haitahitaji neno lolote la siri. Nimemwambia alete flashi. Amekuja nayo, kaketi sakafuni karibu yangu, anauliza tubonyeze wapi.